Juu ni Upande Gani?

Mashine ya milingi inayoendeshwa kwa kompyuta haijui juu wala chini. Inajua namba. Ukiiambia kisu kishuke milimita 40, kitakwenda milimita 40 kuelekea upande uliouita chini, hata kama upande huo unatazama ukutani. Kwenye mashine yenye spindo ya mlalo, "chini" ya programu ni mbele, usawa wa kifua cha mwendeshaji. Kanuni ya kimataifa ya ISO 841 imekwisha amua: Z ni mhimili wa spindo, na Z chanya ni upande ambao kisu kinajitenga na kazi. Dunia na mvuto wake havikuulizwa. Kanuni hiyohiyo inataka tuandike programu kana kwamba kisu ndicho kinachotembea na chuma kimetulia, ingawa kwenye mashine nyingi meza ndiyo inayosogea na kisu kinazunguka papo hapo.

Nafanya kazi katika karakana iliyo kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, na jambo hili limenikaa moyoni kama swali la dini kuliko swali la ufundi. Ikiwa juu inachaguliwa, na ziro inachaguliwa, na kila namba ninayoandika ina maana kwa sababu tu mtu fulani aliamua kuanza kuhesabu mahali fulani, basi ni kipi kilicho kweli bila kutegemea uamuzi wa mtu? Najua wasomi wamelijadili kwa karne nyingi. Mimi nakutana nalo kila ninapowasha kompyuta.

Programu tunayotumia ni Mastercam, ya kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1983. Kabla ya kutoa mstari mmoja wa maagizo kwa mashine, inataka ujue mambo matatu. Kwanza, chuma kimekaaje: kona ipi au tundu lipi ndilo ziro, na X inaelekea wapi. Pili, bapa la kuchorea: ukichora duara sasa hivi, litalala juu ya uso gani. Tatu, bapa la kisu: kisu kitakuja kutoka upande gani, kikiwa wima juu ya uso upi. Majina ya mabapa yamo tayari kwenye orodha, juu, mbele, kulia, lakini yote yanahesabiwa kutokana na lile la kwanza. Ukibadilisha namna chuma kinavyokaa, "mbele" inahama nacho.

Kwa kazi nyingi mambo haya matatu yanakuwa kitu kimoja. Bamba limebanwa kwenye jiliwa, unachora kwa juu, unakata kwa juu. Kijana anaweza kupitisha mwaka mzima bila kugundua kuwa ni matatu. Yanatengana siku linapokuja tundu la mshazari.

Chukua nyumba ya beringi ya korona, ile mashine ya kukamua mkonge kwenye mashamba ya Tanga. Ni chuma cha kusubu. Ina uso wa chini unaokalia fremu. Ina tundu kubwa linaloingia kwa ubavuni kupokea beringi ya milimita 110, na tundu hilo halitakiwi kuwa dogo kuliko 110.000 wala kuzidi 110.035. Ina pia kitundu cha grisi kinachoingia kwa mshazari wa digrii 30, kwa sababu kikiingia wima kitagongana na kifuniko. Kwa kitundu hicho unalaza bapa la kuchorea digrii 30, unachora duara, kisha unalaza bapa la kisu lifuatane nalo, huku ziro ya kazi ikibaki palepale ulipoiweka. Ukisahau bapa la kuchorea, duara litabaki kwenye uso wa zamani, na kwenye kioo litaonekana zuri kabisa mpaka uuzungushe mchoro ndipo utaliona linaelea hewani, halijagusa chuma. Ukisahau bapa la kisu, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mchoro ni sahihi na kisu kitaufuata kwa uaminifu kutoka upande usio wake.

Nimekaa sana na utengano huu. Programu imeweka mbali kitu kilivyo, mahali ninapokifikiria kutoka, na upande ninaokiendea kwa vitendo. Sisi binadamu tunayachanganya matatu haya, na mara nyingi tunasalimika kwa sababu yameangukia mahali pamoja. Baba anamfikiria mwanawe kutoka pale aliposimama yeye, anamwendea kutoka palepale, na anadhani ndivyo mtoto alivyo. Mtoto akiwa na jambo lake la mshazari, baba anatoboa pasipo na chuma.

Haitoshi, basi, kusema kwamba uelekeo unachaguliwa na mambo yakaishia hapo. Iliwahi kuletwa kwetu nyumba ya beringi iliyotengenezwa kwingine, kwa kuwa beringi zake zilikuwa zinaungua. Tuliipima. Tundu lilikuwa duara safi, ndani ya kipimo. Kimo chake, ukikipima kutoka pale ziro ilipowekwa, kilikuwa sawa na mchoro. Kilichotokea ni kwamba aliyeweka ziro aliichukua kwenye mdomo wa chuma cha kusubu, ambao haukuwa umekatwa bado, kwa kuwa huo ndio uliofikiwa kwa urahisi na dayali. Kimo kwenye mchoro kilihesabiwa kutoka uso wa chini, unaokalia fremu. Namba zote zilikuwa sahihi, na shafti haikukaa mstari mmoja na mwenzake wa upande wa pili. Kazi yote ilikuwa ya ustadi. Iliharibika kabla ya kisu kugusa chuma.

Uso wa rejea hauchaguliwi kwa sababu uko karibu na mkono. Unachaguliwa kwa sababu ndio utakaokutana na kitu kingine siku chuma kitakapofika shambani. Uhuru wa fundi wa kuweka ziro popote ni wa kweli, programu haimzuii, lakini chuma kimetengenezwa kwa ajili ya jambo fulani, na jambo hilo lina neno katika uchaguzi wake. Anayesema "nimechagua, kwa hiyo ni sawa" hajaelewa maana ya kuchagua.

Wanafalsafa wa Ulaya waligombana juu ya shina la jambo hili. Mwaka 1687 Newton alitoa kitabu chake cha Principia, akadai kuwa ipo nafasi halisi isiyosogea, ambayo vitu vyote vimo ndani yake. Leibniz alikataa. Katika barua alizoandikiana na Samuel Clarke mwaka 1715 na 1716, alijenga hoja hii: kama nafasi ingekuwa kitu chenye kujitegemea, Mungu angeweza kuupanga ulimwengu wote kinyume, mashariki ikawa magharibi, na uhusiano wa kila kitu na kingine ukabaki uleule. Asingekuwa na sababu ya kupendelea mpango mmoja dhidi ya mwingine, na Mungu hatendi bila sababu. Kwa hiyo hizo si hali mbili, ni moja. Kila anayeandika programu za mashine anaishi katika dunia ya Leibniz. Hamisha ziro kutoka ile ambayo mashine inaiita G54 kwenda ile inayoiita G55, geuza jiliwa robo duara, na chuma kitakachotoka ni kilekile.

Lakini mwaka 1768 Kant alileta hoja ya mikono miwili. Mikono ya kulia na kushoto ina vidole vilevile, umbali uleule kati ya kidole na kidole, na bado glovu ya mmoja haiuingii mwingine, hata uizungushe vipi. Karakanani tunalijua hili kwa hasara. Mihimili mitatu ya mashine inafuata mkono wa kulia: dole gumba ni X, cha shahada ni Y, cha kati ni Z. Pindua mhimili mmoja tu na uache mingine, na kazi yote itatoka ya mkono wa kushoto, kila kipimo kikiwa sawa, na haitafunga mahali pake mpaka siku ya kiyama. Parafujo ya kulia haiwi ya kushoto kwa kuigeuza kichwa chini. Umbali kati ya tundu na tundu hauongezeki kwa kuhamisha ziro. Kwangu mimi, ukweli wa chuma ni kile kinachobaki baada ya kubadilisha mabapa yote. Kinachobaki ni kingi, na hakuna aliyekipigia kura.

Kuna anayeweza kuniambia kwamba bado nimeanza katikati. Mashine yangu ni nyoofu kwa sababu meza yake ni nyoofu, meza ni nyoofu kwa sababu ilipimwa kwa bamba la kupimia, na bamba hilo lilipimwa kwa bamba jingine. La kwanza lilipimwa kwa nini? Nilipokuwa kijana nilidhani swali hili halina jibu, na kwamba lazima mahali fulani palikuwa na mtu aliyesema tu, "hili ni nyoofu," wengine wakamwamini.

Jibu lipo. Mwaka 1840, mjini Glasgow, Joseph Whitworth aliwasomea wanasayansi wa Uingereza mada juu ya namna ya kutengeneza uso nyoofu. Alikuwa amepitia karakana ya Henry Maudslay mjini London, ambako unyoofu ulichukuliwa kama heshima ya fundi. Njia yenyewe haihitaji bamba nyoofu la kuanzia. Inahitaji mabamba matatu, na yote yanaweza kuwa mabovu. Unapaka la kwanza rangi nyembamba, unaliweka juu ya la pili, rangi inaonyesha palipogusana, unapakwangua. Unarudia mpaka yagusane kila mahali. Lakini mawili yanaweza kugusana kila mahali huku moja likiwa na kifua na jingine likiwa na bonde. Yamepatana, na yote mawili yamepinda. Hapo linaingia la tatu. Ukilikwangua nalo lilingane na lile lenye kifua, litapata bonde kama la pili, na ukiyakutanisha haya mawili yenye mabonde, yatagusana kwenye kingo tu na katikati patakuwa patupu. Upotovu umejitangaza. Unaendelea kuyakutanisha mawili mawili, kwa zamu, ukiyazungusha ili msokoto nao usijifiche, mpaka kila moja likubaliane na kila mwenzake. Umbo linaloweza kukubaliana hivyo ni moja tu.

Naliona jambo hili kuwa la kustaajabisha kuliko kompyuta zote tulizo nazo. Hakuna bamba lililokuwa nyoofu mwanzoni. Hakuna lililoyatawala mengine. Hakuna mtu aliyetunga unyoofu kwa amri, wala haukutokana na makubaliano, kwa sababu makubaliano ya wawili yalikuwa ya uongo na shahidi wa tatu akayavunja. Ulikuwepo ukisubiri kufikiwa. Watu wanaosema kila kipimo ni desturi ya jamii, na kila jamii na yake, ningependa wasimame siku moja mbele ya mabamba matatu wakiwa na kikwangulio mkononi.

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi, Mlutheri wa kutoka Korogwe, aliniuliza tukiwa tunasubiri mashine imalize kutoboa. "Fundi, samahani, naomba nikuulize jambo. Ninyi mnasali mkielekea kibla. Sisi tunasali popote tulipo. Sasa Mungu naye ana bapa la upande mmoja?"

Hakukuwa na kejeli katika swali lake. Nilimwambia kwamba Kurani yenyewe imelibeba swali hilo katika sura moja, Al-Baqara. Aya ya 115 inafundisha kuwa mashariki na magharibi ni za Mungu, na hakuna upande ambao mtu ataugeukia akamkosa. Aya ya 144 inaamuru nyuso zielekee Msikiti Mtukufu wa Makka. Mwenye haraka ataona mgongano. Mimi naona kwamba aya ya kwanza inaeleza Mungu alivyo, na ya pili inaeleza mja asimame vipi. Hakuna bapa la Mungu. Lipo bapa la mja, kwa sababu mja ana mwili, na mwili hauwezi kutazama kote kwa wakati mmoja.

Kisha nikamweleza kwamba kibla hakikuwa Makka tangu mwanzo wa maisha ya Madina. Kwa miezi 16 au 17 Waislamu walisali wakielekea Yerusalemu, na amri ya kugeuka ilikuja mwaka wa 2 wa Hijria, yaani 624. Madina iko katikati: Yerusalemu kaskazini yake, Makka kusini yake. Waliokuwa wakisali pale iliwabidi kugeuka karibu nyuma kabisa. Sasa hesabu kutoka Dar es Salaam. Makka iko kaskazini yetu, ikikosa kaskazini kamili kwa digrii moja tu kuelekea mashariki, kwa maana longitudo yetu na yake zinakaribiana mno. Yerusalemu nayo iko kaskazini, ikiegemea magharibi kidogo. Tofauti ya pande hizo mbili, kwa aliyesimama hapa, haifiki digrii 7. Amri ileile iliyomgeuza mtu wa Madina akatazama alikokuwa amekupa mgongo, ingemsogeza mtu wa Kariakoo kiasi ambacho aliye safu ya nyuma asingekitambua.

Kwa hiyo kilichoamriwa hakikuwa upande. Kilikuwa mahali. Upande ni matokeo ya pale uliposimama.

Kijana akanyamaza kidogo, akasema, "Basi kilichohamishwa ni ziro. Mungu hakuhama." Sijawahi kusikia ikisemwa vizuri zaidi.

Na mahali hapo pakishatajwa, kazi ya kupaelekea imeachiwa akili na mkono. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, na mihirabu yake iko ukuta wa kaskazini. Pwani yetu jambo hili ni jepesi. Kwingine ni gumu. Al-Biruni, akiwa Ghazna, alimaliza mwaka 1025 kitabu juu ya kupima mahali ilipo miji, na akakitumia kukokotoa kibla cha mji ule kwa hesabu za tufe. Msikiti mkuu wa zamani wa Córdoba, Hispania, unatazama kusini mno kuliko ilivyo Makka. Mwaka 2007 Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipopelekwa katika kituo cha anga, wanazuoni wa nchi yake walikuwa wamekwisha kuandaa mwongozo: aelekee Kaaba akiweza, asipoweza aelekee usawa wa juu yake, asipoweza aelekee dunia, asipoweza aelekee popote. Kituo kile kinaizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, kwa hiyo kibla kinamkimbia hata kabla hajarukuu.

Linalonigusa zaidi ni jinsi nilivyofundishwa katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani hii. Mtu asiyejua kibla anatakiwa ajitahidi: atazame jua, nyota, aulize wenyeji. Akisali kwa kubahatisha, bila jitihada yoyote, sala yake haihesabiki hata ikiwa uso wake uliangukia upande sahihi. Wapo wanaoona huo ni ukali. Mimi mwenyewe siipokei programu ambayo mwandishi wake alibahatisha ziro, hata kama kipande kimoja kimetoka salama. Kipande kilichotoka salama hakimsafishi, maana hakujua alichokuwa akifanya, na chuma cha pili kitalijua hilo kabla yake.

Mara mbili kwa mwaka, tarehe 27 au 28 Mei na tarehe 15 au 16 Julai, jua la mchana linapita juu ya Kaaba bila kuinama. Saudia na Afrika Mashariki tunatumia saa moja, kwa hiyo kwetu pia ni saa 6 na dakika 18 mchana wa Mei, na saa 6 na dakika 27 mchana wa Julai. Ninginiza timazi wakati huo, itulie, na kivuli cha uzi kitakuchorea mstari wa kibla sakafuni. Sipendi kuikosa saa hiyo. Lakini tazama jambo jingine ndani yake. Timazi ya Makka haina kivuli, jua likiwa utosini. Yangu inatupa kivuli, kwa kuwa jua limeniinamia digrii 28 upande wa kaskazini. Nyuzi mbili zimenyooka, zote zinasema kweli juu ya kilicho wima, na zimepishana digrii 28, karibu kabisa na mshazari wa kile kitundu cha grisi. Juu ya Makka na juu ya Dar es Salaam si juu moja. Kila mtu aliyesimama duniani amesimama kwenye bapa lake, na hana njia ya kusimama kwenye jingine bila kusafiri. Tunachoweza kushirikiana ni nukta moja ambayo kila mtu, kutoka kwenye mlalo wake mwenyewe, anaweza kuipimia njia.

Kijana hakuridhika, na nafurahi kwamba hakuridhika. Alirudi kwenye nyumba ya beringi. Uso wa rejea, alisema, tumeuchukua chini kwa sababu ya fremu. Fremu iko vile kwa sababu ya shafti, shafti kwa sababu ya visu vinavyokamua, visu kwa sababu ya mkonge, mkonge kwa sababu ya kamba na magunia, na hayo kwa sababu ya watu wanaotafuta riziki. "Na watu, Fundi? Wao wamewekwa kwa sababu ya nini? Hapo nani kaweka ziro?"

Nilimjibu kuwa mnyororo wa "kwa sababu ya" lazima ufike kwa Yule ambaye hayupo kwa sababu ya kitu kingine, na kwamba kazi ya mja ni kumwelekea. Yeye anashikilia kwamba huyo aliye mwisho wa mnyororo hakukaa kungojea tumwelekee. Alishuka, akasimama kwenye bapa letu. Nikamwambia hapo ndipo tunapoachana, kwa kuwa mimi naamini amri ilishuka, na Mwenyewe hafananishwi na kilichoshuka. Tumeliacha bila mshindi. Tunalirudia kila panapokuwa na kazi ndefu kwenye mashine, na kila mmoja wetu anamtaka mwenzake aoneshe aliichukua wapi ziro yake, na kwa sababu gani.